Kazi Nzuri ya Ashgrove

"Nimekuuliza swali moja tu, Russ. Kwa nini fulana ya Colby haina namba?"

"Lorna, ni fulana tu."

"Yako wameandika jina. Skafu yangu wameitarizi mpaka herufi za jina langu. Ya mtoto iko tupu mgongoni, kama ya mtu aliyeinunua mlangoni akienda kutazama mechi."

"Walikuwa na haraka."

"Mtu mwenye haraka hatarizi skafu."

Boksi lilikuwa wazi juu ya meza ya jikoni, kati ya bakuli la unga na kuku aliyekwisha kuchemka. Lilikuwa limeletwa jana kutoka Chuo Kikuu cha Ashgrove, na ndani yake kila kitu kilikuwa cha kijani. Kesho asubuhi Russ alitakiwa kupanda jukwaani huko Ohio kutangazwa kuwa kocha mpya wa mpira wa kikapu, na mimi na Colby tusimame pembeni yake tukiwa tumevaa rangi yao. Ndivyo inavyofanywa. Leo unavaa nyekundu ya chuo kimoja, kesho unavaa kijani ya kingine na unatabasamu, na hakuna anayekushangaa. Watakushangaa ukija na rangi nyingine.

Tangu asubuhi, kabla ya ibada na baada ya ibada, Russ alikuwa akiniimbia wimbo wa Ashgrove. Sasa aliuanza upya.

"Ule ukumbi umeuona mwenyewe. Viti mpaka juu kabisa, na bado watu wanapigania tiketi. Wana ndege, Lorna. Sisi hapa Tolliver tunasafiri na basi linalonuka soksi. Nikiwa kule nikitoka na gari, tanki halijafika nusu nimeshapita miji miwili inayotoa wachezaji kila mwaka. Hapa nazunguka mashamba ya mahindi ya Indiana natafuta mtoto aliyemzidi urefu mama yake."

"Na kocha waliyemfukuza?"

"Hapo ndipo utamu ulipo! Alikuwa hovyo. Kazi ya kuogopa ni ile aliyoiacha shujaa, kila siku unalinganishwa naye. Mimi naikuta imeachwa na mpumbavu. Nikishinda nusu ya mechi watanichongea sanamu."

Hayo nayajua. Nimekaa na makocha na wake zao kwenye mikutano yao ya kila mwaka, nikawasikia wakipima kazi kama wafugaji wanavyopima nguruwe. Mashabiki wana njaa kiasi gani? Wale wazee matajiri wa viti vya mbele wana subira au hawana? Nani amefukuzwa, na kwa nini? Sijasikia hata mmoja akiuliza paa la nyumba linavuja au halivuji.

"Sijakuuliza habari za ukumbi," nikamwambia. "Nimekuuliza habari za namba."

Russ akanipa mgongo. Akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Akiwa na jambo la kuficha hunawa mikono.

"Kip anamtaka Tavion," akasema.

Kip Landry ndiye mkurugenzi wa michezo wa Ashgrove. Tavion Pruitt ndiye kijana wetu mrefu wa chini ya kikapu, kutoka mji wa Gary, na chuo kidogo kama Tolliver hakijawahi kuwa na mchezaji wa aina yake. Wiki iliyopita alikitandika chuo kikubwa mbele ya televisheni ya nchi nzima, na tangu siku hiyo simu ya Russ haijatulia. Siku hizi mchezaji anahama chuo msimu ukiisha kama anavyotaka. Kocha wa chuo kidogo mwenye kijana wa namna hiyo anatongozwa kama mjane mwenye shamba.

"Najua anamtaka Tavion. Bila Tavion wewe ni kocha wa Tolliver mwenye kipara. Endelea."

"Asante, mke wangu."

"Endelea, Russ."

"Tavion amesema haendi popote bila Colby."

Hilo halikunishangaza. Colby ni mwanetu, yuko mwaka wa tatu, na yeye ndiye anayegawa mipira kwenye timu ya baba yake. Si mrefu, wala hana mbio. Ila misimu hii yote amejifunza mikono ya Tavion, na anaurusha mpira pale ambapo mkono wa Tavion peke yake ndio unaofika. Waliomtangulia walikuwa wakimsahau Tavion chini ya kikapu wakatafuta sifa zao. Tavion hasahau aliyemkumbuka.

"Basi Colby anakwenda," nikasema. "Namba iko wapi?"

"Atakuwa na timu mpaka Tavion atie sahihi na masomo yaanze."

"Halafu?"

"Halafu Kip anasema ahamie upande wa video. Anakata picha za mechi, anasaidia makocha. Ni mwanzo mzuri kwa mtu anayetaka ukocha."

"Colby hataki ukocha. Anataka kucheza. Msimu ujao ni wa mwisho wake, na Neal ameshamwambia akibaki hapa ndiye nahodha."

Neal Oberle ni msaidizi wa Russ, ndiye atakayeachiwa timu. Siku aliyomwambia Colby habari ya unahodha, Colby alinipigia simu akipiga kelele mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Russ akafunga bomba. "Colby hawezi kucheza Ashgrove. Unajua hivyo. Una macho."

Nilijua. Nina macho.

"Kwa hiyo Colby ni chambo," nikasema.

"Usimwite hivyo."

"Nimwite nini? Mnyoo?"

"Lorna!"

"Utamwambia?"

"Nitamwambia anachohitaji kujua. Leo, tukila. Kip anapiga simu jioni, anataka kusikia Tavion amekubali."

"Utamwambia yote. Ukificha kitu nitakisema mimi."

"Unataka nimvunje mtoto mezani?"

"Umeshamvunja. Ninachotaka ni umtazame."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Colby aliingia kama anavyoingia kila Jumapili, mfuko wa nguo chafu begani, bila kufuta viatu.

"Mama, nimekuletea zawadi," akasema, akautupa mfuko.

"Mashine unajua ilipo. Nina diploma, sina kazi ya dobi."

Akacheka. Halafu akaiona ile kijani mezani, akashika tai ya baba yake akaining'iniza. "Haa! Baba, ukivaa hii utafanana na chura wa kwenye bwawa la Oberle. Kweli tunakwenda?" Akachukua fulana, akaipima kifuani, akaigeuza. "Haina namba."

"Wanasubiri uchague mwenyewe," Russ akasema.

Alisema vile bila kupepesa, kama mtu anayempa mwenzake chumvi. Niliweka upawa chini. Colby alikuwa akitabasamu na ile fulana mkononi, anafikiri namba.

Tukakaa kula. Nilikuwa nimepika kuku na madonge ya unga kwenye mchuzi, chakula cha Jumapili cha mama yake Russ. Russ akaweka viwiko vyote viwili mezani, akainama mbele, akashusha sauti, na mimi nikaganda, maana nilijua anachoanza kufanya. Nimekiona kwenye nyumba nyingi, ila sijawahi kukiona kwangu.

Kocha anapomtaka mchezaji humfuata kwao. Hukaa mezani kwao, akala kila anachopewa, akamuuliza bibi kuhusu picha zilizoko ukutani. Kisha hushusha sauti. Mara nyingi nimekwenda naye. Kazi yangu ilikuwa kuingia jikoni na mama wa kijana, kukausha sahani, na kumwambia ndiyo, Russ yuko hivyo hivyo hata nyumbani.

"Colby," Russ akasema, "nataka umfikirie mtu utakayekuwa miaka kumi ijayo."

Colby alikuwa na donge mdomoni. Akalimeza. "Baba, unanisajili?"

"Nazungumza na wewe."

"Umeruka hatua. Unasifu chakula kwanza, ndipo unakuja kwenye miaka kumi." Akanikonyeza.

"Chakula ni kizuri, Lorna," Russ akasema, bila kunitazama.

"Kula," nikamwambia.

"Nasema hivi, mwanangu. Ashgrove ni jina. Ukipita pale, mlango wowote unagonga. Unaishi na timu, unasafiri na timu, unajifunza mchezo kutoka ndani..."

"Dakika ngapi?" Colby akauliza.

Kila kijana huuliza hivyo. Wakati mwingine anayeuliza ni baba yake, wakati mwingine mjomba aliyekuja kwa ajili hiyo tu.

"Dakika hazigawiwi, Colby. Unazichuma mazoezini."

Colby akaweka uma chini. Hakuwa anacheka tena. "Hilo unawaambia wale ambao hawatacheza."

Tangu utotoni alikuwa akikaa kiti cha nyuma cha gari wakati baba yake anarudi kutoka nyumba za watu, akamsikia akitueleza amemwahidi nani kitu gani na kwa maneno gani. Hakuna kijana Indiana nzima ambaye ni mgumu kusajili kama yeye. Russ hakulifikiria hilo. Alijua maneno, akadhani yanatosha.

"Hebu nami niulize," nikasema. "Leo mama wa nyumba ni mimi. Nina swali la mama. Ukishampata mwanangu, utamfanya nini?"

Swali hilo huulizwa kila nyumba. Na kila nyumba Russ huweka uma chini, akamtazama mama machoni, akasema maneno yale yale: nitamlea kama mwanangu wa kuzaa. Odessa Pruitt, mama yake Tavion, alilia aliposikia hivyo. Mimi ndiye niliyempa taulo la jikoni ajifute.

Russ akafungua mdomo. Niliyaona yale maneno yakija, yakafika kwenye meno, yakakwama.

"Sema," nikamwambia. "Kina mama wote umewaambia. Niambie na mimi."

Akawa mwekundu mpaka kwenye kipara. Akaisukuma mbali sahani yake. Alipomgeukia Colby hakuwa tena na ile sauti ya ugeni. Alikuwa na sauti ya chumba cha video, ile anayotumia kumkatakata mchezaji mbele ya wenzake.

"Mama yako anataka ukweli. Haya. Miguu yako mizito. Mkono wa kushoto huna. Ukibanwa unageuza mgongo, na kila kocha wa ligi hii anajua. Mtu wa Ashgrove atakunyang'anya mpira kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko. Usingekuwa mwanangu nisingesimamisha gari kukutazama."

"Hata kwa ajili ya Tolliver?"

"Hata kwa ajili ya Tolliver. Nilikuchukua kwa sababu nisingekuchukua ningelala kwenye gari. Ulichonacho ni Tavion. Bila yeye wewe ni mtu wa kukaa mwisho wa benchi, karibu na maji ya kunywa."

Colby alikuwa ameinamisha uso kama anasoma kitu kwenye sahani. Masikio yake yamechukua rangi ya baba yake.

"Bado namba," nikasema.

"Lorna, inatosha."

"Haitoshi. Mwambie habari ya namba."

Akamwambia. Timu mpaka Tavion atie sahihi, kisha video. Aliisema haraka, kama mtu anayechomoa mwiba mguuni mwa mwenzake.

"Tavion anajua?" Colby akauliza.

"Atajua akishafika."

"Akikasirika?"

"Atakuwa ameshatia sahihi. Wana walimu, wana madaktari, wana kila kitu. Atanishukuru."

Simu ya Colby ikawaka mezani, pembeni ya mkate. Sote watatu tukaisoma maana ilikuwa imeelekea juu. Ulikuwa ujumbe wa Tavion. *Kaka, tunaenda au hatuendi? Mama anataka kujua.*

Russ akaisukuma simu kwa kidole mpaka ikagusa mkono wa Colby. Sauti yake ikabadilika tena, na safari hii sikuijua. Haikuwa ya ugeni wala ya chumba cha video.

"Mjibu. Ni neno moja tu, mwanangu. Nimefagia ukumbi wa Tolliver kwa mikono yangu. Nimeendesha lile basi dereva alipougua. Nimewatazama watu wasiojua hata kuchora mchezo ubaoni wakipewa kazi kwa sababu wana nywele. Sasa mimi ndiye ninayepigiwa simu. Nikikataa, hawapigi tena. Umri wangu huu, hawapigi tena."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Macho yake yalikuwa na maji, na bado kidole chake kilikuwa juu ya simu ya mtoto.

"Na mimi nikisema ndiyo, utapata kazi," Colby akasema.

"Nitapata kazi."

Colby akamtazama kwa muda. Kisha akaketi wima, mabega nyuma, kama anavyokaa kwenye benchi akisubiri kuingia.

"Sawa, Kocha."

Russ mwenyewe ndiye aliyeweka sheria siku ya kwanza Colby alipovaa jezi ya Tolliver: uwanjani ni Kocha, nyumbani ni Baba. Colby hakuwahi kuichanganya. Hata baada ya mechi walizopoteza, hata baada ya kutukanwa mbele ya watu, alikuwa akivuka kizingiti kile na kusema Baba.

Russ hakusikia. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua mkate. "Mwanaume," akasema. "Nilijua. Mwandikie basi."

Colby akaishika simu akaanza kuandika. Nikanyoosha mkono nikamnyang'anya. Ilikuwa rahisi. Baba yake alikuwa sahihi kuhusu hilo.

"Mama! Vipi?"

Nikaiweka simu yake mfukoni mwa aproni, nikatoa yangu.

"Unampigia nani?" Russ akauliza.

"Odessa."

Kiti chake kikaanguka nyuma yake. "Usithubutu. Lorna, nakwambia usithubutu. Ukipiga hiyo simu umenimaliza."

"Najua."

"Nimekukosea nini mimi? Nimekulisha, nimekujengea nyumba..."

"Hujanikosea. Kaa chini."

Colby naye akasimama. Alikuwa analia sasa, kwa hasira, kama wanavyolia wanaume wasiotaka kuonekana. "Nani kakutuma, Mama? Nimeshakubali. Amenitukana mimi, si wewe, na mimi nimekubali. Jambo langu hilo!"

"Lingekuwa lako peke yako ningekuachia ulimeze," nikamwambia. "Ulikuwa unamwandikia mtoto wa mwenzangu uongo."

Nikapiga. Odessa akapokea.

"Dada!" Nyuma yake kikaango kilikuwa kinachacharika. "Ndiyo kwanza nimevua viatu vya kanisani. Mmeshafunga mizigo?"

"Odessa, zima jiko ukae."

Kikaango kikanyamaza. "Nimekaa."

Nikamweleza. Sikupamba, wala sikuzunguka. Nikamwambia Ashgrove hawamtaki Russ, wanamtaka Tavion. Nikamwambia Tavion ameahidiwa Colby, na Colby amewekewa fulana isiyo na namba, na siku Tavion atakapokwisha kutia sahihi Colby ataondolewa uwanjani apelekwe kwenye chumba cha video. Nikamwambia Russ alijua tangu mwanzo.

"Na Colby?" akauliza. "Colby alijua?"

Russ alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Colby alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu kimoja tu. Nilikiona.

"Amejua sasa hivi," nikasema. "Alikuwa ameanza kumwandikia Tavion kwamba mnakwenda. Nimemnyang'anya simu. Na uwezo wa kucheza kule hana, Odessa. Baba yake amesema, na mimi nakubaliana naye. Kwa hiyo usimpeleke mwanao kule ukidhani atakuwa na mtu wa kumpa mpira."

Colby akatoka. Alipita mlango wa nyuma bila koti, na mlango haukufungwa vizuri, baridi ikaingia.

Odessa akauliza, "Russ yuko hapo?"

"Yuko."

"Anasikia?"

Nikabonyeza kitufe cha sauti, nikaiweka simu mezani juu ya ile skafu. "Sasa anasikia."

"Kocha," akasema, "ulikula mezani kwangu, ukaongeza sahani."

"Odessa, nisikilize kidogo tu. Niache nikueleze. Tavion atapata..."

Hakumsubiri amalize. Tulimsikia akisukuma kiti, akiita ndani ya nyumba yake kule Gary kwa sauti iliyojaza jiko letu zima. "Tavion! Mpigie yule mzungu wa Ohio. Mwambie hatuendi. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa."

Na Tavion akajibu kutoka mbali, "Ndiyo, Mama," simu ikakatwa.